Natoka kwenye tipa la mchanga, nimeitwa kuendesha tenki la mafuta. Mliopo kwenye kazi hii, ikoje?

MchangaWaMpiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni kijana wa miaka 31, nakaa Mbagala Rangi Tatu. Huu ni mwaka wa sita nasukuma tipa. Nabeba mchanga na kokoto, Bunju, Madale, Goba, popote penye mtu anajenga. Leseni yangu ni daraja E, na kozi ya magari makubwa nilisoma Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo. Sijawahi kugonga mtu wala kulaza gari. Kuna kibanda cha chipsi Tegeta nilikigusa mwaka juzi, nikamlipa mwenyewe yakaisha.

Sasa jirani yangu kaniunganisha na kampuni yenye yadi Kurasini. Wanatafuta madereva wa tenki kwa safari za ndani ya nchi: Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, na masheli ya hapa mjini. Jumatatu naenda kujaribiwa.

Tatizo ni mke. Tangu ajali ya tenki la mafuta lililowaka moto Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, akiliona tenki barabarani anafunga dirisha la daladala, kana kwamba kioo kitamsaidia. Kasema heri tule dagaa mwaka mzima kuliko aletewe mume kwenye mfuko.

Naomba wenye uzoefu mniambie. Kuna tofauti gani na hii kazi yangu ya mchanga? Malipo yakoje? Na haya maneno kwamba madereva wa tenki wamejenga kwa kuuza mafuta njiani ni ya kweli? Sitaki kuingia mahali ambapo usipoiba huishi.

Nawasilisha.

---

KahawaChungu

Ukipata usitusahau sisi wa bodaboda, kidumu kimoja tu cha lita tano kwa wiki.

Natania mkuu. Ngoja waje wenye kazi yao.

---

BabuChemba

Dogo, umenikuta pazuri. Niko Kigamboni kwenye foleni ya kupakia tangu saa tisa usiku, mbele yangu yamebaki magari kumi na moja, na chai nimeshakunywa mara mbili. Nina miaka 19 kwenye tenki, mitatu ya mwanzo nikiwa utingo. Naandika mpaka waniite.

Kwanza uendeshaji. Mchanga ukishaupakia unalala, unaweza kuusahau mpaka unapoubinua. Mafuta hayalali. Siku ya kwanza nimepewa usukani wa tenki lenye mzigo nilitoka Kurasini nikashika Mandela, nikafika taa za Tazara, zikawa nyekundu. Nikakanyaga breki kama nilivyozoea kwenye Fuso. Gari likasimama, nikashusha pumzi. Halafu ndipo mzigo ukafika. Sina namna nyingine ya kukueleza: gari linatangulia kusimama, mafuta yanakuja nyuma yake, yanapiga ukuta wa mbele wa tenki na kulisogeza gari zima wakati mguu wako umeshafika mwisho wa breki. Mbele yangu kulikuwa na jamaa anasukuma mkokoteni wa ndizi. Aligeuka akanitazama. Mimi nilikuwa nimeangalia pembeni kama mtu asiyehusika.

Tenki limegawanywa chemba, langu lina tano. Chemba iliyojaa mpaka alama yake haina taabu, mafuta hayana pa kwenda. Chemba tupu nayo haikuyumbishi. Ya kuiogopa ni ya nusu. Umeshusha kiasi Mbezi, kilichobaki unakipeleka Kibaha, ukikata kona mzigo wote unakimbilia upande wa nje, na ukinyoosha usukani wenyewe bado haujarudi. Na tenki limekaa juu kuliko tipa lako. Wanaoanza wote wananiuliza habari za Kitonga. Kitonga wewe unaipanda na mzigo, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea. Kazi kubwa pale ni kumwombea yule anayeshuka na shaba ya Congo awe bado ana breki. Madereva wa tenki ninaowajua mimi waliolaza magari, wengi wamelaza kwenye vikona vya kijinga, kuingia sheli au kutoka yadi, mwendo wa thelathini, mtu anaongea na simu. Ukifika Mbeya na kuendelea, mteremko wa Iwambi kuingia Mbalizi ndio wa kuheshimu. Gia unaichagua juu, kabla hujaanza kushuka. Ukiitafuta katikati umechelewa.

Mizani nayo ni mtihani wake. Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, kote utapanda. Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Mchanga ukizidi utaupunguza kwa koleo. Mafuta utayapunguza na nini, wakati juu kuna sili, zile lakiri za kuzuia yasifunguliwe njiani? Kwa hiyo hesabu inaanzia unapopakia, chemba ipi ijazwe na ipi iachwe. Na ukipanda juu ya mizani usikubali wasome haraka, maana mzigo bado unacheza na namba inacheza nao. Mwambie kijana kwa adabu, "Kaka, subiri yatulie." Wengi wanaelewa.

Haya, sasa nikwambie kinachokutoa usingizi. Siyo moto. Ni shoti.

Shoti ni upungufu. Umepakia lita 36,000, umefika zinasomeka pungufu, pungufu hiyo unakatwa wewe. Kampuni niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa inasamehe asilimia 0.3, yaani lita 108 kwa mzigo huo. Zaidi ya hapo inatoka kwenye mshahara wako.

Julai moja kabla ya korona nilipakia dizeli Kurasini mchana. Kwenye karatasi ya kupakia joto la mafuta limeandikwa nyuzi 29. Mimi hicho kiboksi cha joto nilikuwa sikisomi, nilikuwa naangalia lita na sahihi tu. Nikatembea vizuri, sili zote nzima, nikafika Makambako siku ya pili jioni, wakasema tutashusha asubuhi. Makambako ya Julai unaifahamu? Niliamka alfajiri nimejifunika koti na blanketi la utingo, vioo vimelowa umande kwa ndani. Saa kumi na mbili na nusu akaja kijana wao, akapanda juu na fimbo ya dipu, ile ya kupimia kina cha mafuta. Chemba ya kwanza pungufu. Ya pili pungufu. Nikapanda mwenyewe, nikapiga dipu kwa mkono wangu, nikaifuta fimbo kwa suruali, nikapiga tena. Jumla lita 290 hazipo.

Nilizunguka lile gari mara nne. Nikapita chini ya tenki nikigusa kila valvu na kila unganisho la bomba. Pakavu. Utingo wangu alishaanza kulia, alidhani namshuku yeye, na kweli nilikuwa namshuku.

Hakuna aliyeiba. Mafuta yakipoa yanasinyaa. Dizeli, kila lita 1,000 zikipoa nyuzi kumi zinapungua lita nane na kitu. Petroli inapungua zaidi ya hapo. Zidisha mara 36 uone. Na petroli au dizeli hiyo hiyo ukiipasha moto inarudi, ila nani atakupashia Makambako?

Ofisini waliniambia "sisi tunalipwa lita, hatulipwi baridi." Wakatoa 108, zikabaki 182, kwa bei ya siku ile ya 2,100 ikawa shilingi 382,200, wakanikata kwa miezi mitatu. Aliyenielewesha kilichotokea ni fundi mzee wa Wakala wa Vipimo pale Misugusugu, Kibaha, nilipopeleka tenki kuhakikiwa ujazo. Alichukua kipande cha chaki akanichorea kwenye tairi. Tangu siku hiyo joto la kupakia naliandika kwenye kiganja kabla sijaandika kitu kingine chochote, na kwenye karatasi ya kupokelea nadai waandike joto la kushushia. Wakikataa, naandika mimi pembeni ya sahihi yangu. Mara mbili imeniokoa.

Kwa hiyo Jumatatu wakikuuliza kama una swali, uliza moja: shoti mnaihesabu vipi, na joto mnalitazama? Watakavyokujibu ndivyo utakavyoishi.

Nimeitwa, na hapa simu zinabaki getini. Nikitoka nitaendelea na la wizi.

---

MamaSheliMbezi

Nimemsoma kaka BabuChemba, na kuhusu Makambako simbishii. Lakini tuseme na upande wa anayepokea.

Mimi nina sheli ndogo, napokea lita elfu kumi mara mbili kwa wiki, petroli na dizeli nusu kwa nusu. Mwaka jana alikuja dereva, pungufu lita 60 kwenye mzigo wa lita elfu tano. Namuuliza, ananiambia mama ni baridi. Baridi ya Kimara, kaka? Umetoka Kurasini saa nne asubuhi umefika kwangu saa sita mchana, jua la Februari, kuku wanatafuta kivuli. Kama ni hivyo mafuta yalitakiwa yaongezeke.

Nimejifunza kwa hasara. Gari likifika halipigwi dipu pale pale. Liegeshwe mahali tambarare, mimi mwenyewe ninasimama nyuma nione limekaa sawa, maana kuna wanaopandisha tairi za mbele kwenye kijituta makusudi ili fimbo idanganye. Wasubiri yatulie. Sili nazisoma namba moja moja nalinganisha na karatasi. Fimbo naipaka ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Tanki langu la chini nalipima kabla na baada. Na yakiisha kushuka, kijana wangu anapanda juu na kuchungulia kila chemba. Siku moja tulikuta ndoo mbili zimebaki kwenye kona kwa sababu gari lilikuwa limeinama. Dereva akasema "alaa, sikuona." Sawa, hukuona.

Mdogo wangu mwanzisha uzi, ukija kwangu na ukaninyooshea gari mwenyewe kabla sijakuambia, chai yako ipo.

---

NakondeMpakaLubumbashi

Niongeze la malipo maana Babu kalipita.

Mshahara kwenye kazi hii ni jina tu, posho ya safari ndiyo inakulisha. Mimi niko safari za nje, Dar, Tunduma, Kapiri, Kasumbalesa, Lubumbashi. Kutoka Dar mpaka Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Ukifika Tunduma na foleni imelala kurudi upande wa Mpemba, posho unaila ukiwa umekaa. Nimewahi kumaliza posho ya safari nzima kabla sijavuka mpaka, nikaomba kwa mama ntilie aniandike kwenye daftari. Alikuwa na daftari la madereva tu, kubwa kama la shule.

Kazi ya kubeba dizeli ya Zambia imepungua kwetu tangu 2023, bomba la TAZAMA, lile la mafuta la kutoka Dar hadi Zambia, lilipoacha mafuta ghafi na kuanza kupeleka dizeli safi hadi Ndola. Lile bomba ni la tangu 1968, kilomita 1,710, halilali njiani wala haliombi posho. Petroli na mzigo wa Congo bado tunabeba sisi.

Kwa kijana mwenye ndoa changa, safari za ndani ni bora. Mimi mwanangu alianza kutembea nikiwa Kasumbalesa. Nilitumiwa video.

Na dai mkataba ulioandikwa. Tuligoma Aprili 2015, mabasi na malori, na mikataba lilikuwa mojawapo ya tuliyoyadai. Mpaka leo kuna watu wanapewa funguo kabla ya karatasi.

---

MchangaWaMpiji

Aisee. Nimesoma yote mara mbili, mengine nimemsomea mke kwa sauti. Hapo pa Babu kumshuku utingo akacheka, baadaye akanyamaza. Asanteni wakuu.

Mama, kuhusu chai nimeandika.

Babu, tunasubiri la wizi. Na mke anataka uguse la Msamvu, nisimfiche kitu.

---

BabuChemba

Nimerudi. Nimetoka kupakia saa kumi jioni, nimeegesha yadi, natoka alfajiri.

Kwanza nimjibu Mama Sheli. Dada, mimi na wewe hatuna ugomvi. Huyo wa baridi ya Kimara ni mwizi na hafai kutetewa. Hao ndio wanaofanya sisi wengine tukisema ukweli Makambako tuonekane tunaleta hadithi.

Dogo, uliuliza kama ni kweli. Ni kweli wapo. Neno kuchakachua unalolisikia leo kwenye kura na kwenye vyeti, lilishika kasi mjini kwa sababu ya mafuta. Enzi hizo mafuta ya taa yalikuwa rahisi, watu wakawa wanachanganya na dizeli, injini za watu zinakufa. Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa kwenye bajeti ya 2011/12 faida ikaisha. Kabla kidogo ya hapo ndipo vilipoanza kuwekwa vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta ya soko la ndani, ili yale ya kwenda nje yakiuzwa humu yajulikane. Kwa hiyo mchezo umebanwa sana, ila haujafa. Utaegesha mahali, atakuja mtu anayejua jina lako, anajua mwanao anasoma wapi, anajua ada bado hujalipa. Hatakwambia uibe. Atakwambia "tusaidiane, zile za shoti tu, si unasamehewa 108?" Hapo ndipo panapouma, maana hesabu yake ni sahihi. Zile 108 ukiziuza ukafika Makambako kwenye baridi, umekwisha.

Mimi sijawahi kuuza. Sisemi hivyo kwa utakatifu, nilikuwa na woga. Utingo wangu mmoja, siyo yule wa Makambako, aliuza. Tumelala Mdaula, nikaamshwa na harufu. Petroli usiku ina harufu tamu kidogo, inakaa kwenye koo. Nashuka namkuta na jamaa wawili wamechuchumaa chini ya tenki, mmoja ameshika tochi ya simu mdomoni. Simu, dogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki juu, unatambaa chini kama maji, na wao wamechuchumaa ndani yake. Sikupiga kelele ya mwizi. Nilisema polepole, "Wanangu, ondokeni hapo taratibu, msikimbie." Wakatoka. Nilikaa kwenye lami mpaka asubuhi, miguu haikuwa yangu.

Ndiyo maana nakwambia pia tenki tupu linatisha kuliko lililojaa. Lililojaa lina mafuta. Tupu lina mvuke na hewa, vimechanganyika vinasubiri cheche. Watu hawajui hili. Fundi wa kuchomelea atakuambia "si tupu hilo, lete nikuchomelee ngazi." Mwambie hapana na uondoke hata kama ni shemeji yako.

Sasa la Msamvu. Shemeji, nitasema ninachokijua. Siku ile, tarehe 10 Agosti, mimi nilikuwa Dar. Nilipita pale baada ya siku tatu, bado harufu ipo, na miti ya pembeni imekuwa ya kahawia upande mmoja tu. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengi hawakufa kwa gari kuanguka, walikufa kwa kusogea na vidumu. Tangu hapo kila nikikwama kitu cha kwanza ninachotazama ni watu, gari baadaye.

Mwaka uliofuata yakanikuta, Ruaha Mbuyuni, pale penye vitunguu. Tairi la trela lilipasuka, kipande kikaruka kikapiga bomba la chini. Nilikuwa na dizeli, kwa bahati. Ikaanza kuchuruzika, si nyingi, unene wa kidole. Utingo akakimbilia sabuni ya mche, tunayo siku zote kwenye boksi la zana, ukiikanda vizuri na kuisindika kwenye ufa inashika. Lakini kabla hajafika nikaona watu. Wanatoka kila upande, sijui walikuwa wapi, maana dakika moja nyuma palikuwa kimya. Vijana wa bodaboda wanakuja na vidumu, bodaboda zenyewe zinanguruma. Na mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa anauza vitunguu kwenye ndoo. Akavimwaga vitunguu vyote chini, barabarani, akaja na ndoo.

Nikasema "jamani hatari." Hakuna aliyesikia. Nikasema "italipuka." Mmoja akanijibu "dizeli hailipuki mzee, tunajua." Na kweli ni ngumu kuwaka, alikuwa amesoma maandishi ubavuni. Nikaona hapa ukweli haunisaidii. Nikavua kofia nikaanza kukimbia kuwafuata wao, siyo kulikimbia gari, napiga kelele "Asidi! Asidi ya migodini! Imenichoma!" huku nimeshika mkono. Barabara ile matenki ya asidi ya kwenda migodini yanapita, wanayajua. Walisimama kama wamegonga ukuta. Kijana aliyekuwa ameshalowesha kiatu akakivua akakitupa porini.

Utingo akasindika sabuni. Tukasimamisha pembetatu mbali, mita mia kila upande, mitungi ya kuzimia moto ikashushwa, nikapiga simu ofisini. Wakaniuliza swali la kwanza: zimemwagika lita ngapi?

Kuhusu kazi yenyewe, mimi nasema nenda. Wewe hujalaza gari miaka sita na umekiri kibanda cha chipsi bila kuulizwa. Mshahara wangu kwenye mkataba ni laki sita, kilichobaki ni posho, sijajenga nyumba tatu, nina moja Chanika haijapigwa lipu. Jumatatu vaa buti, usivae nguo ya nailoni inatoa cheche, ndala waachie wengine. Wakikupeleka kupakia angalia waya wa athi, ule unaopeleka umeme tuli ardhini, umeshikwa kabla mfuniko haujafunguliwa. Ukiona dereva anayekujaribu haangalii huo waya, hiyo kampuni iache.

Leo nimepakia petroli lita 35,000. Joto 31. Iko kwenye kiganja.

---

MchangaWaMpiji

Babu nashukuru mno. Jumatatu naenda, mke karidhia nusu. Kasema nusu nyingine baada ya mwezi wa kwanza.

Ila kaniambia nikuulize: yule mama wa Ruaha Mbuyuni aliishia kurudi na ndoo tupu?

---

BabuChemba

Mwambie hapana. Aliokota vitunguu vyake kimoja kimoja huku akinitukana, akavipanga upya kwenye ndoo, halafu akaja kuniuzia fungu. Nilinunua mawili.